Vidude vya kung'ata kwa mtoto anayeota meno: kabla ya kulipa, tafuta tundu

Mama mmoja wa Tabata amenitumia picha ambayo sijaacha kuifikiria. Ni kidude cha mpira cha mwanawe, kile cha kubinya kikalia, kimepasuliwa katikati kwa kisu. Nje kinang'aa. Ndani kumejaa madoa meusi ya ukungu yaliyoganda kwenye mpira. Anasema alikuwa akikiosha kila jioni kwa sabuni na maji ya moto, na hapo ndipo penye tatizo: maji yaliingia kwenye lile tundu dogo la sauti na hayakutoka tena.

Kwa hiyo leo sitazungumzia rangi wala umbo, wala yale maneno ya "hakina BPA" (kemikali ya plastiki) yaliyoandikwa kwenye kila pakiti. Naangalia tundu. Kitu kinachokaa mdomoni mwa mtoto kutwa nzima, kikianguka sakafuni kinaokotwa na kurudishwa mdomoni, lazima kioshike chote. Chenye uwazi ndani hakioshiki.

Kukipima ni rahisi. Jaza bakuli maji, kizamishe, kibinye. Vikipanda vipovu, kina tundu au kiungio kimeachia. Kisha pitisha ukucha kwenye mshono, maana vingi ni vipande viwili vilivyogundishwa; ukucha ukinasa, na maji yatapita hapo.

Namba moja: Baby Banana. Sifichi upendeleo wangu. Ni mswaki wa silikoni wenye umbo la ndizi iliyomenywa, maganda yake mawili ndiyo vishikio vya mtoto. Ni kipande kimoja, hakuna mshono wa kuachia wala sauti ya kubinya. Vile vijinywele vya silikoni vinakuna fizi pale zinapowasha, na jino likishatoka mtoto amekwisha kuzoea kitu cha mswaki mdomoni. Silikoni halisi inavumilia maji yanayochemka, inakauka haraka, na ukiiweka kwenye friji inatoka na ubaridi unaotuliza. Sijaona kingine kinachofanya kazi zote mbili vizuri hivi.

Namba mbili: pete ya silikoni ya kipande kimoja, ya kampuni yoyote inayoeleweka. Chagua nyembamba kiasi cha kiganja cha mtoto wa miezi minne kuishika. Ikinuka plastiki kali ukifungua pakiti, irudishe.

Namba tatu: Sophie la girafe. Najua wengi mnamtaka huyu twiga. Ametengenezwa Ufaransa tangu 1961 kwa mpira wa asili, ni laini, na watoto wanapenda kutafuna masikio na miguu yake. Lakini ana tundu la sauti, na maelekezo yake ni kumfuta kwa kitambaa chenye unyevu, si kumzamisha majini. Kwa joto na unyevunyevu wa Dar, na mtoto anayetoa udenda kama bomba, sioni namna ya kumlinda asiingiwe na unyevu. Kwa bei anayouzwa huku kwetu, hapana.

Namba nne: vya mbao. Havichemshwi, vikilowa mara kwa mara vinapasuka, na ufa nao ni tundu.

Mwisho kabisa: vyenye maji au jeli ndani. Jino la kwanza likitoka linakata kama wembe, na kilichomo ndani kinaishia tumboni. Usivigandishe kwenye friza pia. Barafu ngumu inaumiza fizi.

Asiye na bajeti: kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, mtoto akitafune ukiwa umemshika.

Mikufu ya kuota meno haimo kwenye orodha yangu na haitaingia. Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliitolea onyo baada ya watoto kunyongwa nayo na kupaliwa na shanga. Mwaka huohuo ilionya pia kuhusu jeli za kupaka fizi zenye benzokeini, dawa ya ganzi, kwa watoto chini ya miaka miwili, kwa sababu zinaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Bado kuna maduka ya dawa yanayokupa jeli bila hata kuuliza umri wa mtoto. Soma boksi mwenyewe.

Na wauzaji, jamani! Unaona ndizi ya silikoni mtandaoni, unauliza bei, unajibiwa "njoo inboksi". Ukifika inboksi unatajiwa bei ya ile halisi, na kinacholetwa na bodaboda ni mfano wake: mshono ubavuni, harufu kama ndara mpya. Ukilalamika unaambiwa "dada, zote ni zilezile". Si zilezile! Kariakoo angalau unashika kwa mkono, ingawa wapo wanaokataa usifungue pakiti mpaka ulipe.

Nakazania usafi kwa sababu ya hili. Mtoto akitafuna uchafu akaharisha, nyumbani wanasema "ni meno hayo". Meno hayaleti homa ya nyuzi 38 na zaidi, wala kuharisha kwa siku kadhaa. Halafu bibi anatazama fizi, anaona uvimbe mweupe, anasema ni meno ya plastiki, na mtoto anapelekwa kung'olewa kwa mganga. Ule uvimbe ni chonge changa ambalo bado halijatoka. Watoto wamevuja damu na kufa kwa jambo hili. Nendeni kituo cha afya, na anzeni kumpa ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, mkiwa njiani.

Jino likitoka, kwa kawaida yale mawili ya chini kati, karibu na miezi sita, mswaki uanze siku hiyo, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele tu, yenye floraidi, madini yanayolinda meno, kuanzia 1,000 ppm, kipimo kinachoandikwa kwenye tyubu. Geuza tyubu usome nyuma, kwa sababu nyingi za watoto zenye picha za matunda zina kiwango kidogo au hazina kabisa, na bado zinauzwa ghali kuliko ya wakubwa.