Grupu la Facebook la wazee wa Pirates: nimekaa humo miaka miwili, haya ndo niliyoyaona

Wadau salama. Kuna dada mmoja kanifuata inboksi anauliza yale mambo ya besiboli ninayoposti nayatoa wapi, na kama ni kweli mtu anaweza kupata marafiki Marekani kwenye grupu la wazee asiowajua, nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike hapa, maana tuko wengi tunabeba boksi huku, mtu anakaa mji mmoja miaka mitano na nje ya kazini hana wa kumsalimia.

Mimi niko Pittsburgh, nalea mzee nyumbani kwake zamu ya mchana. Ana miaka themanini na kitu, mi namwita Babu na kashazoea. Miezi mitatu ya kwanza maneno yetu yalikuwa dawa, chai, choo, basi. Kitu pekee kilichokuwa kinamfanya anyanyue kichwa ni Pirates, timu ya besiboli ya hapa, wakiwa kwenye TV, na mimi besiboli sikuwa najua hata nani anashinda. Siku moja ananielekeza nitoe kitu chini ya kitanda, kimefungwa taulo, nafungua nakuta kibao chenye namba 4 rangi imebanduka. Kaniambia neno moja tu, Forbes Field, halafu kanyamaza, machozi yanamlenga.

Usiku nikaingia Facebook nikaandika hilo jina. Nikakuta magrupu kibao, nikaomba kujiunga na moja ambalo si kubwa sana (jina silitaji, ni la faragha, na admini kaomba lisitangazwe). Kesho yake nikamwomba ruhusa Babu na binti yake, nikakipiga picha kile kibao peke yake, sura wala jina sikuweka, nikauliza wazee hiki ni kitu gani. Aisee. Mpaka nafika kazini siku iliyofuata komenti zilikuwa zimepita themanini. Nikaelezwa kwamba Forbes Field, uwanja wa zamani wa Pirates, ulifunguliwa tarehe 30 Juni 1909 na mechi za mwisho zilikuwa tarehe 28 Juni 1970, mbili siku moja dhidi ya Cubs, Pirates wakashinda zote, na zilipoisha watu wakamwagika uwanjani kila mtu anachukua chake cha kumbukumbu, wa kung'oa kiti kang'oa, wengine wakapanda ubao wa matokeo kutoa vibao vya namba. Halafu wakaanza kuposti vya kwao. Mmoja yuko Florida ana 7, mwingine anasema mama yake alikitupa wakati wa kuhama na mpaka leo hajamsamehe. Nikakaa kitandani kwa Babu nikawa namsomea moja moja, namtafsiria Kiingereza changu kwa Kiingereza chake, na kwa mara ya kwanza yule mzee akaongea dakika arobaini bila kusimama. Alikuwa kijana siku ile, alikwenda na kaka yake, na kaka yake ndo aliyembeba mabegani.

Sasa kinachofanya hili grupu liwe tofauti na mengine niliyojaribu ni hiki: hawaishii kusema zamani ilikuwa raha. Mtu anakuja na kumbukumbu nusunusu, mfano "nilikuwa na baba, mvua ilinyesha, tulicheza na Cardinals, ilikuwa kabla sijaanza darasa la tano", na wenzake wanaingia Baseball-Reference, ile tovuti iliyoanza mwaka 2000 na mpaka leo kuangalia ni bure, wanapekua mechi za mwaka huo mpaka wanaipata, tarehe, matokeo, nani alirusha, nani alipiga, watu wangapi walikuwepo. Nimeona mtu mzima analia kwenye komenti kwa sababu kapewa tarehe kamili ya siku aliyokuwa na baba yake. Kwetu Tanga kila mzee atakwambia alikuwa uwanja wa Mkwakwani ule mwaka 1988 Coastal Union inachukua ubingwa, na mimi huwa nawaza ingekuwa kuna sehemu ya kufungua na kuona mechi ile siku ile nani alifunga dakika ya ngapi, wazee wetu wangekaa hapo mpaka usiku.

Mechi inayotajwa kuliko zote ni ya tarehe 13 Oktoba 1960, mechi ya 7 ya World Series, yaani fainali ya ubingwa, na Yankees wa New York. Wasiojua, Yankees kwenye mechi zote saba kwa jumla walipata pointi 55 na Pirates 27, lakini Pirates ndo mabingwa, kwa sababu kinachohesabiwa ni mechi ulizoshinda, na siku ya mwisho wakiwa 9 kwa 9 duru ya tisa Bill Mazeroski wa Pirates akaupiga mpira ukavuka ukuta, ikawa 10 kwa 9, saa tisa na dakika 36 alasiri. Watu walioingia uwanjani ni 36,683. Mkanda wa filamu wa mechi nzima ulidhaniwa umepotea kabisa mpaka mwaka 2009 ulipokutwa nyumbani kwa marehemu mwimbaji Bing Crosby kule California, kwenye chumba cha kuwekea mvinyo, alikuwa na hisa kwenye timu na alilipia mechi irekodiwe. Kwenye grupu kuna watu wanasimulia walivyokaa na familia kuuangalia ulipoonyeshwa kwenye TV mwaka 2010, miaka hamsini baadaye, matokeo wanayajua lakini moyo unadunda.

Na redio jamani. Mechi ya kwanza ya besiboli ya ligi kuu kutangazwa redioni ilitoka hapahapa, kituo cha KDKA, tarehe 5 Agosti 1921, Pirates na Phillies. Wazee wanaongea kuhusu sauti ya mtangazaji Bob Prince kama marehemu baba yangu alivyokuwa anaongea kuhusu watangazaji wa Radio Tanzania, redio imewekwa dirishani na nyumba nzima marufuku kupiga kelele. Hapo nilijisikia niko kwetu kabisa.

Kwa sisi weusi kuna hazina yake humo. Roberto Clemente, nyota wa Pirates, wanamuongelea kama mtu wa familia, pigo lake la 3,000 tarehe 30 Septemba 1972, halafu tarehe 31 Desemba mwaka uleule ndege ikaanguka akiwa anapeleka misaada kwa walioathirika na tetemeko Nicaragua. Nilijifunza humo kwamba tarehe 1 Septemba 1971 Pirates walianza na wachezaji tisa wote weusi na Walatino, haikuwahi kutokea kwenye ligi kuu. Na 2024 ligi ilipoingiza rasmi takwimu za ligi za weusi za enzi za ubaguzi, Josh Gibson wa Homestead Grays akawa juu ya wote kwa wastani wa upigaji wa .372 akampita Ty Cobb aliyekuwa anaongoza, siku ile grupu halikulala, watu wanaposti habari walizosimuliwa na mababu zao waliomwona kwa macho.

Kasoro zipo. Wauza jezi wanajipenyeza sana, mimi nilituma dola 40 kwa mmoja wa jezi namba 21, jezi haijaja na profaili kafuta, kwa hiyo usinunue kitu kwa mtu hata kama anaweka picha nzuri vipi. Kuna pia picha za kutengenezwa na AI zinazopitishwa kama za zamani, ila wazee wanazikamata, mmoja alisema hii si Forbes kwa sababu kule mbali katikati upande wa kushoto hakuna lile tundu la wavu la mazoezi, maana lilikuwa linaachwa ndani ya uwanja mechi ikichezwa, kule futi 457, kama mita 139 hivi. Siasa zikianza admini anafuta, nampenda kwa hilo. Na ujiandae, wengi ni watu wazima, kila baada ya muda kunakuja taarifa kwamba fulani katutoka, inauma kama umezoea komenti zake za asubuhi.

Oktoba iliyopita nilimpeleka Babu kwenye ukuta. Kipande cha ukuta wa Forbes Field bado kipo pale Oakland, mtaa wa hapahapa Pittsburgh, kwenye chuo kikuu, na kila tarehe 13 Oktoba mashabiki wanakusanyika, wanafungulia matangazo ya redio ya 1960, yanapangwa hivi kwamba pigo la Mazeroski linasikika saa ileile. Nasukuma kiti cha magurudumu, watu wananiita kwa jina la Facebook, "wewe ndo wa namba 4?" Kibao tulikuwa nacho mapajani kwake. Mzee mwenzake akaja na kibao chake namba 1, wakaviweka pamoja wakapigwa picha, na wawili hao sasa wanapigiana simu kila Jumapili mimi nikiwa sipo.

Nawapa nyota nne na nusu, hiyo nusu wameichukua wauza jezi.

Kama uko mji mwingine, andika jina la uwanja wa zamani wa timu ya mji huo, uliobomolewa, ndo utawakuta. Kaa wiki mbili unasoma kwanza, halafu uliza swali la kweli, hawa watu wanapenda kuulizwa kuliko kusifiwa. Ukiingia weka posti mpya zije kwanza. Ukiomba kujiunga utaulizwa uwanja wako wa kwanza ulikuwa upi na nani alikupeleka, usiache wazi. Mimi niliandika Mkwakwani, baba. Walinikubali siku ileile, na mpaka leo kuna wazee wawili kila wiki wananiuliza Coastal wamecheza vipi.