Seti ya Gasketi za CG125 Niliyoifunga Uani: Tathmini kutoka Mtwara

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni seti ya gasketi (vipande vya kuziba maungio) na sili (pete za mpira zinazozuia oili kutoka penye shafti) za injini ya pikipiki ya aina ya CG125, ambayo niliinunua kwa shilingi 12,000 katika duka moja la spea lililo jirani na soko kuu la Mtwara mjini. Imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni usio na jina la kiwanda wala la nchi inakotoka. Kilichoandikwa juu yake ni “CG125” basi. Niliifunga mwenyewe, uani kwangu Chuno, kwa muda wa siku mbili, na tangu hapo nimeitumia pikipiki kwa wiki saba, zikiwamo safari nne za shambani Nanyamba ambako nilirudi na gunia la korosho nyuma. Seti hii ni nzuri kuliko bei yake, isipokuwa vipande viwili, lakini ingekuwa hasara tupu kama ningeifunga siku ile ile niliyoinunua, kabla ya kujua ni kitu gani kilichokuwa kikiichemsha injini na kuisukuma oili nje.

Nianze na injini yenyewe, kwa sababu wengi wetu tunazo pikipiki za Kichina zenye majina mbalimbali kwenye tangi bila kujua kwamba ndani yake ni mashine ile ile. CG125 ilitolewa na Honda katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na matunzo ni haba, na ndiyo maana vali zake husukumwa na fito badala ya mnyororo unaohitaji kukazwa kila mara. Viwanda vya China viliinakili mno, na kwa sababu hiyo spea zake hazikosekani kuanzia Kilwa hadi Masasi. Ubaya ni kwamba nakala hizo zinatofautiana. Tazama namba iliyogongwa kwenye mwili wa injini: yangu imeandikwa 156FMI, ambapo 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa kwa upepo, M ni pikipiki na I ni kundi la sentimita za ujazo 125. Ukikuta 162FMJ, hiyo ni ya 150, na tundu la silinda yake ni la milimita 62. Muuzaji aliniambia, “Mjomba, hii inaingia zote.” Haiingii zote. Gasketi ya hedi (kichwa cha injini kilicho juu ya silinda) ya 125 ikifungwa kwenye injini ya 150, ukingo wake utachomoza ndani ya chumba cha moto, utakuwa mwekundu kwa joto na kuungua, na mwenye pikipiki atarudi dukani akilalamika kwamba injini inachemsha kuliko mwanzo. Chukua rula unapokwenda kununua.

Yangu ilikuwa na maradhi mawili kwa pamoja. Nilipokuwa nikipandisha uwanda wa Makonde kuelekea Newala ilipoteza nguvu taratibu, ikaanza kugonga kwa sauti ya vyuma vikavu, na nilipoizima haikuwaka tena mpaka ilipokaa kivulini karibu nusu saa. Wakati huo huo oili ilikuwa ikitambaa upande wa kulia, ikilowesha kiatu changu na, jambo lililonitia hofu zaidi, ikirukia tairi la nyuma. Nasema haya kwa sababu watu wengi hudhani injini inachemsha kwa kuwa tone la maji likidondoshwa juu ya mapezi yake (yale mabapa ya nje yanayotoa joto) linachacharika na kukauka. Injini ya kupozwa kwa upepo ikiwa imetembea vizuri ni lazima ivuke kiwango cha maji kuchemka, kwa hiyo kipimo hicho hakikwambii lolote. Dalili za kweli ni kupungukiwa nguvu, kugonga, oili yenye harufu ya kuungua, plagi nyeupe na kukataa kuwaka ikiwa ya moto.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, ambaye sitamtaja, alishauri injini ishushwe yote. Wa pili, ambaye pia sitamtaja, aliipaka silikoni kila mahali palipokuwa na unyevu, kwa ukarimu wa mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Nilipochoka ndipo nilipokwenda dukani nikanunua seti, nikarudi nayo nyumbani kwa furaha, na mpwa wangu aliyekuwa akinisaidia kutandaza mkeka akaniuliza swali dogo: “Mjomba, umeshajua inavujia wapi?” Sikujua. Seti ikalala juu ya kabati wiki nzima.

Njia niliyoitumia kutafuta uvujaji haigharimu kitu. Niliisafisha injini yote kwa dizeli na mswaki mkuukuu, nikaiosha kwa maji ya sabuni, nikaiacha ikauke kabisa, kisha nikaipuliza poda ya mtoto kila upande mpaka ikawa nyeupe kama mtu aliyetoka kinu cha unga. Nikaendesha kilomita chache tu, hadi Mikindani na kurudi, nikasimama mara mbili njiani kutazama. Umuhimu wa kusimama mapema ni kwamba upepo huisukuma oili nyuma na chini, hivyo ukichelewa utaona injini yote imelowa na utalaumu sehemu ambayo haina kosa. Michirizi ilionekana wazi kwenye ile poda: mmoja ulianzia kwenye maungio ya hedi na silinda, wa pili kwenye kifuniko cha kulia kinachofunika klachi, na wa tatu, mdogo, kwenye shafti ya kiki. Ile sehemu ya chini ya injini ambayo fundi alikuwa ameijaza silikoni ilikuwa kavu kabisa; kumbe oili iliyoonekana pale ilikuwa imetoka juu na kupita tu.

Hata hivyo, gasketi tatu haziharibiki kwa pamoja bila sababu. Injini ya namna hii ina bomba dogo la kupumulia, linalotoa nje hewa inayoshindiliwa ndani kila pistoni inaposhuka. Bomba hilo likiziba, hewa hiyo hutafuta njia nyingine, na njia iliyo rahisi ni kupitia penye gasketi au sili dhaifu, ikitoka pamoja na oili. Nililichomoa, nikapuliza kwa mdomo, halikupitisha. Nilipochokoa kwa waya, ulitoka udongo mgumu wa kiota cha nyigu. Pikipiki ilikuwa imekaa chini ya mkorosho mwezi mzima nilipokuwa safarini, na nyigu wakaona pamefaa kuwa makazi. Kisha nikapima oili, na hapo nikakuta kosa ambalo nadhani limeenea mitaani kwetu: kila ninapobadilishiwa oili, fundi hutia chupa nzima ya lita moja, ilhali injini hii baada ya kumwagwa huhitaji takriban lita 0.9, tena ile ya zamani huwa haijatoka yote. Kijiti cha kupimia katika injini hizi huwekwa kikiegemea tu juu ya tundu bila kukazwa, pikipiki ikiwa imesimama wima sehemu tambarare. Anayekikaza kabla ya kusoma hupata kipimo cha uongo. Oili yangu ilikuwa imepita alama ya juu.

Upande wa joto ulinichukua muda zaidi. Plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa, jambo linaloonyesha kwamba injini inachoma hewa nyingi na petroli kidogo, na mchanganyiko wa namna hiyo huzidisha joto. Nilisafisha kabureta, ikawa nafuu kidogo. Ndipo nilipochukua maji ya sabuni katika chupa ya kupulizia, nikayapuliza kidogo kidogo kwenye maungio ya kabureta na hedi injini ikiwa inanguruma taratibu, na mngurumo ukabadilika papo hapo. Hewa ilikuwa ikiingilia pale. Tafadhali usitumie petroli kwa jaribio hili, ingawa utawaona watu wakifanya hivyo; bomba la moto la ekzosi lipo karibu sana. Pete ya mpira iliyo kwenye maungio hayo ilikuwa bapa na ngumu, na kile kipande cha plastiki kinachoitenga kabureta na hedi kilikuwa kimejipinda kwa kukazwa mno. Nilikisugua juu ya kioo kilichotandikwa msasa mpaka kikanyooka.

Jambo lililonikera kuliko yote nililikuta nilipomwaga oili na kutoa wavu wake wa kuchujia. Ulikuwa umezibwa nusu nzima na nyuzi na vipande laini vya silikoni. Silikoni inapopakwa kwa wingi, ile inayobinywa kwa nje ndiyo tunayoiona, lakini kiasi kama hicho hubinywa kwa ndani pia, hukatika, na husafiri na oili mpaka kwenye wavu na vijia vyembamba vinavyopeleka oili juu kwenye vali. Juu palikuwa pananyimwa oili, na ndiyo maana injini iligonga mlimani. Tiba ya uvujaji ndiyo iliyokuwa imegeuka kuwa chanzo cha joto.

Sasa niingie kwenye seti yenyewe. Gasketi ya hedi ndiyo kipande bora kuliko vyote: ina pete ya chuma kuzunguka tundu la silinda, ukingo wake umekatwa safi, na matundu yote yalikubaliana na bolti bila kulazimishwa. Gasketi ya chini ya silinda ni ya karatasi ngumu, ya kawaida, haina la kusifia wala la kulaumu. Ile ya kifuniko cha kulia ilikuwa imekunjwa mara mbili ili itoshe mfukoni, na mkunjo uliacha mstari ambao ungevuja kama ningeufumbia macho. Niliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikaibana kati ya vioo viwili usiku kucha, ikanyooka. Tundu moja la bolti lilikuwa limepishana kwa kiasi cha milimita moja, nikalitanua kwa mkasi mdogo wa kucha. Pete ya shaba ya ekzosi na mpira wa kifuniko cha vali ni vizuri. Pete ndogo za mpira, ikiwamo ya kabureta niliyoihitaji sana, ni laini na zina unene wa kutosha.

Sili ndizo zilizoniangusha. Ile ya shafti ya kiki ina mpira mkavu, na mdomo wake haukuikumbatia shafti kama inavyopaswa. Ile ya shafti ya gia ilikuwa na chemchemi yake (springi) imechomoka kabla sijaigusa. Niliirudisha chemchemi kwa uangalifu na mpaka leo haijavuja, lakini mtu anayeendesha bodaboda kutwa nzima namshauri anunue sili hizo mbili peke yake, za ubora mwingine, na asizitegemee za kwenye mfuko.

Kuhusu kufunga, sitaeleza kila bolti. Yatosha kusema kwamba nyuso za maungio nilizikwangua silikoni ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu na si kwa bisibisi, kwa kuwa alumini hukwaruzika upesi na mkwaruzo mmoja ni mfereji wa oili. Gasketi nilizifunga kavu, bila silikoni hata chembe. Nati za hedi nilizikaza kwa kuruka kutoka kona hadi kona inayoikabili, kwa awamu tatu, na tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye vali, nilizipima injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi kabla ya jua kuingia uani, nikaziweka kwenye milimita 0.08 zote mbili. Matundu kati ya mapezi ya silinda, yaliyokuwa yamejaa matope na oili iliyoganda, niliyachokoa kwa kijiti cha mnazi. Upepo usipopita hapo hakuna spea itakayopoza injini hii. Oili niliyoweka ni 20W-50 ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa, kwa sababu klachi huoga katika oili hiyo hiyo na baadhi ya oili za magari huifanya iteleze.

Matokeo baada ya wiki saba ni haya. Maungio ya hedi ni makavu, kifuniko cha kulia ni kikavu, plagi imekuwa ya rangi ya udongo wa kahawia, na nilipanda tena Newala na mzigo, tena mchana wa kaskazi, bila injini kugonga wala kukataa kuwaka nilipopumzika Tandahimba. Shafti ya kiki bado inatoa tone moja kila baada ya siku mbili au tatu, tone ambalo nimelikinga kwa kipande cha boksi sakafuni.

Duka lenyewe nalipa sifa ya nusu. Bei ilikuwa ya haki, na nilipowapelekea ile sili ya kiki kuwaonyesha, yule dada wa kaunta hakubishana; alinibadilishia kwa nyingine kutoka mfuko mwingine, ambayo kwa bahati mbaya ni ngumu vile vile. Lakini hakuna aliyeniuliza namba ya injini, na mteja aliyekuwa mbele yangu mwenye pikipiki ya 150 aliondoka na mfuko kama wangu. Jumamosi nitakwenda Masasi kwa shughuli nyingine, na nitaitafuta sili ya kiki huko, ya kuuzwa peke yake, nikiwa nimeifunga ile ya zamani kwenye karatasi mfukoni ili nilinganishe.