TAHADHARI: "Mshauri wa lishe" anayewafuata wazazi wapya DM na kuwauzia maziwa ya kopo

Wamama wenzangu, na kina baba mnaotumwa kununua maziwa, naomba msome hili lote. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wajawazito na waliojifungua hapa Dar, na Instagram pia, anajiita mshauri wa lishe ya mtoto. Kwenye picha yake amevaa koti jeupe. Anauza maziwa ya kopo, anasema ni orijino kutoka Ulaya. Mdogo wangu alinunua kwake na mtoto akalazwa siku mbili. Jina la akaunti siliandiki, maana tangu tumjue ameshalibadilisha mara mbili. Nitaeleza anavyofanya kazi, ili hata akija kwa jina jingine mumjue.

Hapo mwanzo hauzi kitu chochote, na ndiyo maana watu wanamwamini. Mdogo wangu aliweka picha ya mtoto status siku ya arobaini. Jioni ile ile ikaingia meseji: "Hongera sana mamy, mtoto mzuri mashaallah. Ananyonya vizuri? Analala?" Mzazi mwenye mtoto wa wiki sita atajibu nini? Mtoto wa umri huo analia kuliko wakati mwingine wowote, hasa jioni, na anataka kunyonya kila baada ya muda mfupi. Ndivyo watoto walivyo, kilio hupanda mpaka kwenye wiki ya sita hivi kisha kinapungua chenyewe. Mdogo wangu hakulijua hilo, ni mtoto wake wa kwanza. Akamjibu ukweli: analia sana, usiku hatulali.

Yule mtu akamwambia akamue maziwa kidogo kwenye glasi, apige picha, amtumie. Akaitazama ile picha (mimi nimeisoma meseji yenyewe) akajibu: "Pole mamy. Maziwa yako mepesi, ni maji tu hayo. Mtoto hashibi."

Jamani. Maziwa ya mama hayapimwi kwa picha. Yale ya mwanzo wa kunyonyesha huonekana mepesi, hata yana rangi ya bluu kwa mbali, na mtoto akiendelea kunyonya yanazidi kuwa na mafuta. Kipimo kipo kwenye kadi ya kliniki. Kadi ya huyu mtoto ninayo hapa: alizaliwa na kilo 3.1, kliniki ya wiki sita alikuwa na kilo 4.7, na mstari wake unapanda vizuri kabisa. Alikuwa analowesha nepi sita, saba kwa siku. Mtoto alikuwa anashiba, tena sana. Lakini mtu wa koti jeupe alishasema maziwa ni maji, na mama aliyekesha wiki sita haendi kuangalia kadi. Anaanza kulia.

Siku ya pili bodaboda akaleta "zawadi": vifuko vitatu vidogo vya nailoni, vya kubana kwa vidole, kila kimoja na unga wa maziwa ndani. Bure, hata nauli hakudai. Nataka mwelewe kazi ya vile vifuko. Ziwa hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto akishashiba chupa ya saa nne usiku, hanyonyi saa nne usiku, na mwili unaelewa kwamba yale maziwa hayahitajiki. Vifuko vitatu vilikwenda siku nane. Siku ya tisa mdogo wangu alipomrudisha mtoto kwenye ziwa akakuta kweli maziwa yamepungua, mtoto anavuta na kukasirika. Akaona yule mshauri alisema kweli. Akatuma pesa.

Hapa nitoke kidogo nje ya kisa chetu, kwa sababu niliposoma nilishtuka kuona huu mchezo ni wa zamani kuliko mama yangu. Miaka ya nyuma makampuni ya maziwa ya unga yalikuwa yanaajiri wanawake, yanawavalisha nguo kama za manesi, yanawatuma wodini na majumbani kwa waliojifungua, Afrika na Asia, wakiwa na makopo ya bure. Mama akirudi nyumbani maziwa yamekata, kopo la pili ananunua, hana hela ya kutosha, anazimua kwa maji mengi, na maji yenyewe si salama. Watoto walikufa kwa kuharisha na utapiamlo. Kelele zilipigwa miaka ya sabini mpaka Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Mei 1981, ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama. Nchi 118 ziliunga mkono, Marekani peke yake ikapiga kura ya kukataa. Kanuni hiyo inakataza kutangaza haya maziwa kwa umma, kumpa mama sampuli ya bure, na muuzaji kumtafuta mjamzito au mzazi, iwe ana kwa ana au kwa kupitia mtu mwingine. Tanzania tunazo kanuni zetu za mwaka 2013 kuhusu uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga na wadogo, na ndugu zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2012.

Kwa hiyo ile meseji ya "hongera mamy" peke yake, kabla hata ya kopo kuonekana, ni kitu kilichokatazwa. Vile vifuko vya zawadi pia. Muuzaji anayefuata utaratibu hakutafuti DM kukuuliza mtoto analalaje.

Sasa kopo. Bei yake shilingi 38,000, na kopo la ukubwa ule dukani tulikuwa tunaliona kwa zaidi ya 55,000. Pesa inatangulia, jina linalotokea ukituma ni la mwanaume, naye akasema ni la mume wake. Kopo likaja na bodaboda, halina risiti. Nililishika siku mtoto alipolazwa, nikakaa nalo kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, nikaligeuza kila upande.

Maandishi yote ya Kijerumani. Hakuna neno la Kiswahili wala la Kiingereza. Mbele kuna tarakimu 1 kubwa, na pembeni yake stika ya bei, ya rangi ya chungwa, imebandikwa kama kwa haraka. Mdogo wangu alikuwa ameniambia kwa simu "dada, ni namba moja, nimehakikisha". Kila mzazi anajua namba moja ni ya kuanzia kuzaliwa mpaka miezi sita. Nikaibandua ile stika kwa kucha. Chini yake kuna alama ya kujumlisha. Haikuwa 1, ilikuwa 1+. Nikaweka simu itafsiri maandishi ya chini: "Kindermilch", yaani maziwa ya mtoto mkubwa, "ab 1 Jahr", kuanzia mwaka mmoja.

Mtoto wa wiki saba alikuwa anapewa maziwa ya mtoto anayetembea na kula ugali. Maziwa yale hayakutengenezwa kwa tumbo na figo za kichanga, na hayawezi kuwa chakula chake pekee. Halafu kuna voice note ya kumfundisha kuchanganya, kwa kuwa maelekezo ya kopo hakuna anayeyasoma: vijiko viwili tu kwa aunsi nne za maji, pungufu ya kinachotakiwa, "kopo litakufikisha mbali mamy". Ni uzimuaji ule ule ulioua watoto zamani, tena huyu anamshauri mtu hivyo mwenyewe, kwa sauti ya upole.

Baada ya wiki mbili mtoto alikuwa anaharisha, midomo imekauka, nepi kavu tangu asubuhi. Pale hospitali alipimwa kilo 4.5. Mtoto alikuwa na kilo 4.7 wiki tatu nyuma. Mama yetu alikaa chini sakafuni pale pale kwenye mizani.

Kitu cha mwisho kwenye lile kopo kilikuwa kitako chake. Pale panapotakiwa kuwa na tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo palikuwa pamefutwa, pamebaki ukungu wa wino kama mtu aliyepitisha pamba yenye spiriti, na juu yake tarehe mpya kwa kalamu ya mchoro, mwandiko wa mkono. Watu wengi wanaangalia tarehe tu. Ile namba ya toleo ni muhimu vile vile, kwa sababu ndiyo inayotumika kiwanda kikikosea na bidhaa ikarudishwa. Mwanzoni mwa 2018 kampuni ya Lactalis ya Ufaransa ilirudisha maboksi zaidi ya milioni 12 ya maziwa ya watoto kutoka nchi 83 kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Mwaka 2022 Abbott ya Marekani ilirudisha ya kwake, na kiwanda chake cha Michigan kikafungwa kwa miezi. Hao ni wenye viwanda vinavyokaguliwa. Mzazi mwenye kopo lenye namba alisoma tangazo, akageuza kopo, akajua la kwake limo au halimo. Sisi wenye kopo lililofutwa tungejuaje?

Na vile vifuko vya nailoni, hata kama unga ulikuwa mzuri ulipotoka kiwandani: maziwa ya unga hayana kinga ya asili na hata kopo lililofungwa halihesabiki kuwa halina vijidudu kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema yachanganywe na maji yaliyochemka ambayo bado yana moto wa nyuzi 70 au zaidi, kisha yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Yule muuzaji alisema maji ya uvuguvugu. Na unga wake umechotwa kwa mkono gani, juu ya meza gani, ukawekwa kwenye nailoni, Mungu ndiye anajua.

Nilimpigia. Kwanza alikuwa mpole, akasema mtoto "anazoea". Nilipomtajia 1+ akakata. Dakika chache baadaye meseji zake zikaanza kufutika moja moja kwenye simu ya mdogo wangu, kisha akatubloku wote wawili. Bahati nzuri nilishapiga picha za skrini na voice note tulikuwa tumeshaihamisha. Malalamiko tumepeleka TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambao tangu 2019 ndio wanasimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), na polisi pia tumeandikisha.

Wapo watakaosema mdogo wangu mzembe, kwa nini hakunyonyesha tu. Naomba msimguse. Alikuwa ananyonyesha, na mtu alimfuata ndani ya simu yake akamtoa. Tena wapo watoto ambao maziwa ya kopo ndiyo uhai wao: mama amefariki, mama anatumia dawa ambazo daktari amezikataza wakati wa kunyonyesha, mtoto analelewa na bibi. Hao hawana cha kuonea aibu. Ila maziwa hayo mnunue famasi au supamaketi inayojulikana, mpewe risiti. Kopo lililoingia nchini kwa njia halali utalikuta na maandishi ya Kiswahili, na karatasi ya ndani chini ya mfuniko iwe haijaguswa. Kabla ya yote aseme nesi au daktari aliyemuona mtoto, akamshika na kumpima.

Na nyie mnaorudi kazini, huyu muuzaji anawapenda ninyi zaidi. Likizo ya uzazi ni siku 84, na anazihesabu kuliko mwajiri wako. Ikikaribia kuisha anakuuliza, "mamy utarudi lini ofisini? Tuanze kumzoesha mtoto." Maziwa yanakamulika. Muulize nesi wa kliniki yako namna ya kukamua na kuhifadhi, hakuna malipo ya kuuliza.

Mtoto wetu anaendelea vizuri. Nesi mmoja wa pale wodini, Mungu ambariki, alikaa na mdogo wangu siku zote mbili akimwekea mtoto kwenye ziwa upya, mara nane, mara kumi kwa siku, usiku pia. Ilichukua karibu wiki tatu maziwa kurudi. Sasa ana miezi minne, ana kilo 6.2, ananyonya mwenyewe na kopo hakuna.

Lakini kwenye lile grupu tulilomkuta kulikuwa na wazazi zaidi ya mia mbili, na alikuwa anaweka picha za bodaboda zikiwa na makopo kila siku. Makopo yale yako kwenye nyumba za watu sasa hivi. Kama umenunua kwa mtu wa namna hii, acha kila kitu, nenda kachukue kopo. Bandua stika ya bei uone kilicho chini yake. Geuza kitako, paka kidole chenye mate juu ya tarehe. Ukikuta 1+, 2+ au wino unatoka, usimpe mtoto tena, mpeleke akapimwe uzito, na kopo usilitupe. Piga picha, nitumie inbox. Tunaongeza kwenye malalamiko, mpaka sasa tuko wazazi wanne.