Nakala ya mhasibu kwenye QuickBooks: hesabu zinafungwa, duka linauza

Nauza nyavu, kamba, maboya na taa za sola hapa Kirumba, Mwanza, na wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa. Biashara hii inafuata mwezi wa angani. Siku za giza, zisizo na mbalamwezi, zikiingia, dukani hakuna kukaa: huyu anachukua nyavu kwa mkopo, yule analipa deni kwa simu. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, wavuvi wanapumzika na duka linapoa. Sasa mhasibu akikwambia usiguse hesabu wiki nzima ili afunge mwaka, na giza ndilo hilo limeingia, utawaandika wapi wadaiwa?

Ndiyo maana naipenda sana nakala ya mhasibu, yaani faili la hesabu zako la kumpa mhasibu huku wewe ukiendelea kuandika. Imo kwenye QuickBooks, programu ya kutunza hesabu za biashara, ile ya kompyuta, siyo ile ya mtandaoni. Unachagua tarehe ya kugawa. Mimi niliweka 31 Desemba. Programu inatoa faili la QBX, unampa mhasibu kwenye flashi au unamtumia. Kila kilichoandikwa hadi tarehe hiyo kinabaki mikononi mwa mhasibu, wewe huwezi kukibadilisha. Kuanzia Januari 1 ni pako: unauza, unatoa ankara, unapokea malipo kama kawaida.

Akimaliza anakurudishia faili la QBY, na hapo ndipo paliponifurahisha zaidi. Kabla hujayaingiza marekebisho yake, unafunguliwa orodha ya kila alichobadilisha. Niliichapisha, tukakaa naye. Nikamuuliza: "Dada, hili rejesho la mkopo wa benki mbona umelikata vipande viwili?" Akanionyesha: kipande kimoja kinapunguza deni lenyewe, kingine ni riba, na riba ndiyo inayoingia kwenye gharama. Chini yake kulikuwa na uchakavu wa pikapu, yaani thamani yake iliyopungua. Nilizielewa hesabu zangu kuliko mwaka wowote, na ritani ya kodi ya TRA, ambayo kwa mwaka unaoishia Desemba mwisho wa kuipeleka ni 30 Juni, niliisaini nikijua kilichomo.

Muulize kwanza mhasibu wako ana toleo gani la QuickBooks. Likiwa la zamani kuliko lako, faili halifunguki. Na nakala ikiwa bado iko kwake, usiibatilishe kwenye programu yako hata kama amechelewa. Ukiibatilisha, faili atakalorudisha halitapokelewa na kazi yake yote itabidi iingizwe upya kwa mkono.

Mwenye intaneti ya uhakika atapata wepesi zaidi kwenye QuickBooks ya mtandaoni. Unamwalika mhasibu kwa barua pepe, naye hahesabiwi kwenye idadi ya watumiaji unaowalipia. Ila aingie kwa jina lake. Nawaona wafanyabiashara wenzangu hapa mjini wakigawa nywila zao kwa WhatsApp, na inanisikitisha, kwa sababu kumbukumbu ya programu itaonyesha kwamba kila badiliko limefanywa na mwenye duka.