Laini nzuri, ila namba ilikuja na meseji za mtu mwingine

Laini yenyewe sina ugomvi nayo. Mtandao unashika hata ndani ya jengo, simu hazikatiki, usajili ulikwenda haraka. Kwa hayo tu ningeipa nyota zote tano. Naipa mbili, kwa sababu namba niliyouziwa kama mpya ilishakuwa na mwenyewe.

Nilipoiwasha tu, meseji zikaanza kumiminika. Kliniki inamkumbusha mgonjwa miadi yake, jina kamili na saa vimeandikwa. Mtu anadai hela zake kwa vitisho. Benki inatuma msimbo wa kuingilia kwenye akaunti. Kisha ikaja hii: "Dada, somo yako amezaliwa salama usiku huu. Mama yake hajambo." Huyu nilimjibu papo hapo kwamba namba imebadilisha mwenyewe, amtafute dada kwa njia nyingine. Iliniuma. Mtoto kapewa jina lake, na habari imeishia kwenye simu yangu.

Huduma kwa wateja walinisikiliza kwa adabu, wakaniambia nizizuie namba zinazonisumbua. Hilo si jibu. Benki na kliniki hutuma kwa mfumo usiopokea majibu, na hata nikizuia, mgonjwa bado hajui miadi yake. Kliniki niliipigia mwenyewe, wakaifuta namba mara moja.

Namba hazitoshi, hilo naelewa. Laini isipotumika muda mrefu kampuni huifunga, namba ikapumzishwa, kisha ikauzwa tena. Marekani kanuni zinataka ipumzike angalau siku 45, na tangu 2021 kuna hifadhidata ambako wanaopigia wateja wanaweza kuangalia kama namba imehama. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipima namba 259 zilizokuwa zikitolewa upya, wakakuta 171 bado zimeunganishwa na akaunti za watu mtandaoni. Yaani aliyenitangulia yuko hatarini kuliko mimi: namba hii angeipata mtu mwenye nia mbaya, ule msimbo wa benki ungetosha kuanzia.

Kwa anayetaka kununua: kabla ya kulipa, hifadhi ile namba kwenye simu yako na uitafute WhatsApp. Ikitokea picha ya mtu, mwambie wakala akupe nyingine. Na kama unaiacha laini yako, anza na benki, kisha barua pepe, kisha hospitali, ndipo uwaage ndugu na marafiki. Wengi wetu huanza na marafiki, benki ikasahaulika.

Naendelea kuitumia kwa kupiga na kwa intaneti. Benki yangu nimeiacha kwenye namba ya zamani. Kampuni wakianza kumwambia mnunuzi wazi kwamba namba imewahi kutumika, nitaongeza nyota.