Kupima makohozi Lamu: mara ya kwanza niliwapelekea mate

Wiki tano nilikohoa nikijua ni vumbi la mbao. Mimi ni fundi wa mashua Matondoni, na kwetu kikohozi cha fundi hakimshtui mtu. Kwenye duka la dawa nikapewa antibayotiki mara mbili, wala hakuna aliyeuliza kifua kinatoa nini. Nikalipa, nikameza, na usiku bado naamka kikoi kimelowa jasho. Mke wangu ndiye aliyekata shauri: "Baba Fatma, kesho hushiki randa, waenda kupimwa."

Kipimo hiki cha kifua kikuu nakisifu, lakini naanza na kasoro kwa sababu ilinipotezea siku mbili na nauli ya boti. Kituoni nilikabidhiwa kikopo chenye kifuniko cha kuzungusha nikaambiwa, "Tema humu." Nikatema. Niliporudi kuuliza majibu, sampuli ilikuwa imekataliwa. Yalikuwa mate tu, maji na povu, na ugonjwa uko mapafuni. Sentensi moja ya maelezo ingetosha. Mzee aliyetoka mbali, Faza au Kiwayu, akirudishwa hivyo, harudi tena.

Mara ya pili nilimkuta dada wa maabara ambaye natamani kila mgonjwa amkute. Alinitoa nje, chini ya mwarobaini penye upepo, maana kukoholea ndani ni kuwaambukiza waliokaa foleni. "Kaka, makohozi hayako mdomoni, yako huku," akasema, mkono kifuani. Akanielekeza: alfajiri kabla ya kula chochote, sukutua kwa maji matupu. Vuta pumzi mpaka mwisho, izuie kidogo, iachie. Rudia. Kisha kohoa kwa nguvu itokayo tumboni, kikopo kikiwa mdomoni.

Nilifanya hivyo uani, watoto wamelala. Kilichotoka kilikuwa kizito, kinavutika, manjano yenye ukijani, kama nusu kijiko cha chai. Nikarudia mpaka kikaongezeka. Nikafunga kifuniko, nikakitia mfukoni mwa nailoni, na botini nikakiweka kivulini njia nzima kwa sababu jua huharibu sampuli.

Mashine iliyopima makohozi yangu ni GeneXpert, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mwaka 2010. Haisubiri kijidudu kiote, kazi inayochukua wiki kadhaa. Inatafuta vinasaba vyake moja kwa moja, na ikishawashwa hutoa jibu chini ya saa 2. Papo hapo inaonyesha kama kijidudu kimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kubwa ya ugonjwa huu. Jibu langu: kifua kikuu kipo, usugu haupo. Nilikaa kwenye benchi nikashusha pumzi, kwa sababu sasa nilijua napigana na nini.

Kipimo sikulipia, na dawa za miezi 6 vilevile ni bure. Watoto wangu na mama yao waliitwa wakachunguzwa. Kitu kimoja mtu aambiwe mapema: mkojo hugeuka rangi ya chungwa. Ni rifampisini, si damu.

Mwisho wa mwezi wa pili nilipeleka makohozi tena, na safari hii hawakutumia mashine ile. Nikauliza kwa nini. Dada akasema inaweza kusoma vinasaba vya vijidudu vilivyokwisha kufa ikadai bado vipo, kwa hiyo maendeleo hufuatwa kwa hadubini. Wanapaka makohozi kwenye kioo, wanayatia rangi, na kijidudu kikiwepo huonekana kijiti chekundu kwenye samawati. Kwenye kioo changu hakikuonekana hata kimoja. Dawa naendelea nazo mpaka siku ya mwisho, na mwezi wa tano napeleka kikopo kingine.

Ombi langu kwa wenye vituo: huyo anayegawa vikopo afundishwe maneno ya yule dada, ayaseme kwa kila mgonjwa kabla hajamwachia mlangoni.