Winchi ya mkono ya kuanikia mazulia: breki safi, roda za hovyo

Anayeosha mazulia kwa kazi anajua kuwa kuosha kwenyewe si tatizo. Tatizo ni zulia bichi la sufu, zito mara mbili ya lilivyoletwa au zaidi, linalotakiwa lipande juu kabla halijaanza kunuka. Ukiliacha sakafuni, upande wa chini haupati hewa.

Seti niliyonunua ina winchi ya mkono yenye breki (kifaa cha kuvuta mzigo kwa kuzungusha mpini), waya wa chuma, roda tatu (magurudumu yenye mfereji wa kupitishia waya), ndoano na klempu za kubania waya. Bomba la kuanikia unajitafutia mwenyewe.

Nianze na breki, maana ndiyo iliyonifanya niichague. Winchi nyingi za bei nafuu zina meno na kijino tu: unapopandisha zinashika, lakini wakati wa kushusha unainua kijino na uzito wote unahamia mkononi mwako. Mpini ukikuponyoka unazunguka kwa kasi, na unaweza kuvunja mkono wa mtu. Hii yangu ukiuachia mpini, zulia linasimama palepale, liwe linapanda au linashuka. Ninaweza kulisimamisha usawa wa kifua, nikanyoosha matamvua na kuchana manyoya, kisha nikaendelea kupandisha.

Ila breki ya aina hii inahitaji uzito ili ifanye kazi vizuri. Bomba tupu la alumini ni jepesi mno: ukizungusha kushusha, waya unalegea kwenye ngoma, yaani silinda unapojizungushia, na bomba limebaki juu. Bomba la chuma la mabati lilimaliza ugomvi huo. Liwe la mabati kweli, si chuma kitupu, kwa sababu kutu ikishaingia kwenye sufu nyeupe haitoki kirahisi. Liwe nene pia, ili pande mbili za zulia zisigusane na hewa ipite katikati.

Roda ndizo zilizonikera. Hazina beringi, zinalia, na mfereji wake ni mpana kuliko waya, kwa hiyo waya unateleza pembeni na kubanwa kati ya gurudumu na fremu. Nilizitoa zote tatu, nikafunga zenye beringi. Maelekezo nayo yanakuambia uzungushie waya mbili kwenye ngoma moja. Usifanye hivyo. Waya mmoja ukipanda juu ya mwenzake, bomba linakaa upande na zulia linateleza. Mimi nimefunga waya mbili za bomba kwenye pete moja, na pete ndiyo inayovutwa na waya wa winchi. Waya mmoja unapita roda iliyo juu ya ncha ya karibu. Wa pili unapita roda ya ncha ya mbali, unarudi kwa mlalo hadi roda ya tatu, halafu zote zinashuka pamoja. Bomba linapanda likiwa sawa kabisa.

Roda zote hizi zimefungwa kwenye boriti, hivyo hazikupunguzii uzito hata kidogo, zinageuza tu mwelekeo. Kazi ya kupunguza inafanywa na gia za winchi. Boriti yenyewe inabeba zaidi ya uzito wa zulia, maana inavutwa na bomba upande mmoja na winchi upande wa pili. Kwa hiyo pitisha bolti ndefu yenye nati na washa. Skrubu ya kuchomeka kwenye mbao nisingeiamini. Kwenye klempu, sehemu ya tandiko, yaani kipande ambacho waya unakalia, si bolti ya umbo la U, ikae upande wa waya unaobeba mzigo. Na mizunguko mitatu ya waya ibaki kwenye ngoma siku zote, hata bomba likiwa chini kabisa.

Winchi naipa nyota tano, seti nzima tatu. Wakiuza winchi peke yake, chukua hiyo na roda ununue kwingine. Na zulia likamuliwe kwanza: likipanda linachuruzika, maji yanashuka na rangi hadi kwenye matamvua, na doa hilo hakuna winchi itakayokuondolea.